Mikoko Inakufa Hata Pasipo Shoka

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1978, Mto Rufiji ulibadili njia. Maji mengi yaliyokuwa yakishukia matawi ya kusini ya delta yaligeukia kaskazini, na maeneo yaliyokuwa yakitawaliwa na chumvi yakaanza kupata maji baridi ya kutosha kuoteshea mpunga. Wenyeji wa delta waliliona badiliko hilo kabla mtaalamu yeyote hajaliandika. Wakahama na mbegu zao. Na kwa kuwa upande wa kaskazini ulikuwa umefunikwa na mikoko mirefu iliyokomaa, mashamba yakafunguliwa ndani ya msitu.

Namna yenyewe ya kufungua shamba haina siri. Mti hubanduliwa gome kuzunguka shina, ukaachwa ukauke ukiwa wima. Majani yakishapukutika, jua hufika chini. Miti midogo hukatwa na kuchomwa, na mpunga hupandwa katikati ya visiki. Mvua za masika na mafuriko ya mto huosha chumvi iliyo udongoni. Miaka ya mwanzo mavuno huwa mazuri, maana magugu ya bara hayajaizoea ardhi ile. Adui mkubwa ni kaa, wanaoikata miche ikingali michanga. Baada ya miaka kadhaa magugu nayo huingia, palizi humshinda mkulima, naye husogea mbele kufungua shamba jingine. Alikotoka hubaki uwanda ambao mikoko hurudi kwa shida, au hairudi kabisa.

Habari za mikoko yetu kwa kawaida huishia hapo: mwanakijiji, shoka, msitu uliokatwa. Ni habari za kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kilichoyafungua mashamba yale kwanza ni mto. Maji yalihama, watu wakayafuata. Na ukiitazama pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara, utakuta mikoko mingi imeuawa na watu ambao hawajawahi kushika shoka maishani mwao: waliolima kingo za mito mbali na bahari, waliochimba mabwawa ya chumvi, waliojenga barabara na bandari, waliomwaga mafuta na maji machafu. Hao hakuna doria inayowakamata, na hilo ndilo linalonisumbua ninapoandika makala haya.

Mali tunayoizungumzia si ndogo. Delta ya Rufiji peke yake ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo ulioshikana mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Kenya ina hekta zipatazo 61,000, na zaidi ya nusu ya hizo ziko Lamu. Unguja na Pemba nazo zina misitu yao, mmojawapo ukiwa ule wa Ghuba ya Chwaka, ulioingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani mwaka 2004.

Mti unaopumua maji yakipwa

Kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuua mkoko bila kuugusa, inabidi kujua kwanza mti huu unavyoishi.

Tope la pwani halina hewa. Mti wa kawaida ukipandwa humo mizizi yake itaoza. Mikoko imepata njia zake. Mkoko wenyewe, ule unaojulikana sana, husimama juu ya mizizi iliyopinda kutoka kwenye shina na matawi, ikashuka na kujikita pembeni. Mchu hutandaza mizizi yake chini ya tope kisha huchomoza juu vijizizi vingi sana, vyembamba, vilivyosimama wima. Muia, ambao wengine huuita msinzi, hutoa mizizi yenye magoti. Yote ina vitundu vidogo vya kuvutia hewa, na kazi hiyo hufanyika maji yanapokupwa. Kwa hiyo mti unahitaji mambo mawili kwa zamu: bahari ije, na bahari iondoke. Maji yakizuiwa yasiingie, chumvi hurundikana ardhini mpaka mti unaungua. Yakizuiwa yasitoke, mti hukosa pumzi. Na tope jipya likimwagwa kwa wingi mpaka likafunika vile vijizizi, mchu hufa ukiwa umesimama, majani yakageuka manjano, kisha yakaanguka, na hakuna hata tawi moja lililokatwa.

Kila aina nayo ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkoko hufuata, penye tope laini la kingo za vijito. Mkandaa hukaa nyuma, kwenye ardhi ngumu zaidi, na nyuma yake tena hupatikana mchu mfupi na kikandaa, mahali panapofikiwa na maji wakati wa bamvua tu, yaani siku za maji makuu. Mkomafi, wenye matunda makubwa ya mviringo, na msikundazi hupenda kule ambako maji ya mto yamepunguza chumvi. Mpangilio huo umeamuliwa na kimo cha ardhi na saa ambazo maji hukaa juu yake. Ukibadilisha kimo hicho kwa kiasi kidogo tu, umebadilisha ni mti gani utaishi hapo, au kama utaishi mti wowote.

Katikati ya mizizi hiyo ndipo chakula cha pwani kinapoanzia. Kamba hutaga baharini, lakini vitoto vyao huingizwa na maji mpaka ndani ya vijito vya mikoko, vikajificha humo na kula mpaka vikomae, ndipo virudi baharini. Hii ndiyo sababu sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania huvuliwa mbele ya delta ya Rufiji, kati ya bara na kisiwa cha Mafia. Kaa-koko, wale wakubwa wanaouzwa kwa bei nzuri kwenye mahoteli na nje ya nchi, huchimba mashimo yao humo humo. Chaza hung'ang'ania mizizi. Nyuki hufuata maua ya mchu, na asali yake inauzwa. Juu ya hayo, tope la mikoko limehifadhi hewa ya ukaa iliyokusanywa kwa karne nyingi. Kwa kila hekta, msitu wa mikoko waweza kubeba mara tatu hadi tano ya ile iliyomo katika misitu mingi ya nchi kavu ya ukanda wa joto. Ukiukata na kulichimbua tope lile, hewa hiyo huanza kurudi angani.

Enzi za boriti

Shoka lenyewe ni la kale mno pwani hii. Aliyeingia nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ameona jinsi vyumba vilivyo virefu na vyembamba. Upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti inayoweza kubeba dari la mawe na chokaa bila kupinda, yaani kama mita tatu hivi. Fundi hakuwa na la kuamua hapo. Mkoko ulikuwa umeshaamua.

Kuvuka bahari, katika nchi za Ghuba zisizo na miti ya kujengea, nyumba ziliezekwa kwa boriti hizo hizo. Majahazi yalishuka na pepo za kaskazi yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa yameshona boriti mpaka juu. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya jahazi moja la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia, na kazi ile ngumu ya kukata na kubeba miti katikati ya tope na mbu ameieleza katika kitabu chake *Sons of Sindbad*. Wajerumani walikuwa wameshaujua utajiri huo mapema. Walianza kuiwekea mikoko ya Rufiji taratibu za usimamizi mwaka 1898, wakitaka nguzo na pia magome, ambayo yana dawa ya kutengenezea ngozi. 

Biashara ya boriti ina utaratibu wake ambao mtu wa nje anaweza asiuone. Mkataji hakati ovyo. Miti hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, na huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mkataji wa Kibajuni wa Lamu anayekwenda kambini kwa wiki mbili anatafuta unene ulioagizwa na mti ulionyooka, mwingine anauacha. Msitu hubaki umesimama. Madhara yake huja taratibu: ile iliyonyooka inapokwisha, hubaki iliyopinda, na ndiyo inayotoa mbegu. Kila mwaka msitu unaonekana wa kijani, lakini mkataji anasafiri mbali zaidi kuliko baba yake kupata korja ile ile. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na Tanzania ikapiga marufuku ukataji mwaka 1987. Wakati huo tayari mafuta yalikuwa yameipa Ghuba saruji na nondo.

Ukataji wa kuni ni jambo jingine kabisa, na ni kosa kuuchanganya na wa boriti. Mkoko na mkandaa huwaka kwa moto mkali na wa kudumu, ndiyo maana hutakiwa kwenye matanuri ya chokaa, ya matofali na ya mkaa. Tanuri halichagui unene wala unyoofu. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, msitu ulifyekwa kwa kuni za viwandani miaka ya 1970, na kwenye baadhi ya maeneo haukurudi wenyewe hata baada ya miaka ishirini. Unguja, kule Kisakasaka, jamii ilikabidhiwa msitu wa mikoko na taratibu za kuchoma mkaa katika miaka ya 1990, na msitu ukaelemewa, kwa sababu soko la mji lilikuwa na nguvu kuliko kamati ya kijiji.

Na kuna jambo la kimaumbile ambalo laiti lingefundishwa shuleni kila wilaya ya pwani. Mchu ukikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki. Mkoko hauchipui. Ukiukata chini ya matawi yake ya kijani umeumaliza, na mrithi wake ni mbegu tu, ile inayoota ikiwa bado mtini, ikaning'inia, kisha ikaanguka na kuelea mpaka ipate pa kushika. Ukifyeka mikoko yote ya mahali, umeondoa na mama wa mbegu.

Maji yanapoharibiwa

Sasa tuyatazame maji, ambako naona uharibifu mkubwa zaidi unatokea na kuzungumzwa kidogo zaidi.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka kwenye miteremko iliyolimwa na kulishwa kupita kiasi nyuma ya Mombasa. Udongo huo ulitua katika kijito cha Mwache. Mizizi ya kupumulia ikazikwa, na sehemu kubwa ya msitu ikafa. Hakuna aliyekata. Mkulima aliyelima mteremko bila matuta hakujua kwamba udongo unaomtoka shambani utaua kamba wa mvuvi asiyemfahamu, na mvuvi hakuwa na mlango wa kubisha.

Mombasa ina majeraha mengine. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika na kuingia kijito cha Makupa, yakaganda kwenye mizizi na kuziba vile vitundu. Kijito cha Tudor kwa miaka mingi kimekuwa kikipokea maji machafu ya mji, huku msitu wake ukikatwa kwa kuni na kugeuzwa maficho ya wapika pombe haramu. Dar es Salaam nasi hatuna la kujivunia: mlango wa Mto Msimbazi, karibu na Daraja la Salenda, hupokea takataka na mchanga wa jiji zima, na mikoko iliyobaki pale imefungwa shingo na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hilo lilikuwa jambo jema, ila chupa, nyavu chakavu na viroba vingali vinashuka na mto.

Mabwawa ya chumvi yana hila yake. Hujengwa kwenye ule uwanda wa nyuma unaofikiwa na bamvua tu, mahali panapoonekana tupu, na mwenye mradi husema hakukata mti. Lakini kingo za mabwawa huzuia maji yasifike kwenye mchu na mkandaa iliyo pembeni, na maji yenye chumvi kali yakiachiwa huunguza iliyo mbele. Tazama Ngomeni na Kurawa, kaskazini ya Malindi, ambako malalamiko ya wananchi juu ya viwanda vya chumvi yalifikia hadi Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kufanya uchunguzi wa hadhara na kuchapisha ripoti mwaka 2006. Isitoshe, bahari inapanda. Mikoko inapozidiwa na maji hurudi nyuma kuelekea nchi kavu, kizazi baada ya kizazi. Ikikuta kingo za bwawa la chumvi, ukuta wa hoteli au barabara, haina pa kurudi.

Barabara nazo: tuta likijengwa kukatisha kijito na kalavati zikawekwa chache au nyembamba, upande mmoja hukauka na mwingine huzama. Mkandarasi anaweza kufanya hivyo kwa wiki moja.

Lamu, mahakama ilitoa neno. Ujenzi wa bandari mpya ya mradi wa ukanda wa uchukuzi wa LAPSSET ulichimbua njia za meli na kutupa tope katika maeneo ya uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliyokaa Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi zilikiukwa, ikaagiza walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Walengwa walikuwa wavuvi zaidi ya 4,600. Mwaka huo huo wa 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji boriti wa Lamu wakajikuta hawana kazi, ingawa hawakuwa wao waliosababisha ukame wa mito ya bara uliotajwa kuwa sababu ya zuio hilo. Ulinganisho huo unatosha kuonyesha uzito wa sheria unaangukia nani kwanza.

Nirudi Rufiji, kwa sababu swali kubwa kuliko yote liko pale. Delta ile imejengwa na udongo ulioletwa na mto. Kila mafuriko huongeza tabaka la tope, na kwa tabaka hilo ardhi ya mikoko huinuka kidogo na kupambana na bahari. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme; uwezo wa bwawa lote ni megawati 2,115. Nchi ilihitaji umeme huo na sitaki kusomwa kuwa naupinga. Lakini bwawa lolote hushika udongo nyuma ya ukuta wake na kusawazisha mtiririko wa maji: kiangazi yanapita mengi kuliko zamani, masika machache. Jirani zetu wa Msumbiji wanalijua hilo tangu bwawa la Cahora Bassa likamilike mwaka 1974. Utafiti uliofanywa huko umehusisha kupungua kwa kamba katika eneo la bahari liitwalo Benki ya Sofala na kupungua kwa mafuriko ya Mto Zambezi. Misri nayo, tangu Bwawa Kuu la Aswan, inauona mwambao wa delta ya Nile ukiliwa na bahari.

Mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba, ambao kwa miaka mingi wametajwa kama mahasimu, hapa wana shida moja. Mafuriko ya masika yakipungua mno, chumvi itapanda juu ya mto, mpunga utakauka, na vitoto vya kamba vitakosa maji mchanganyiko vinayoyahitaji. Yakiachiwa yote kwa mkupuo, mashamba na nyumba vitaondoka. Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, mjadala wote nchini ulikuwa juu ya bwawa: limesaidia au limeumiza? Wananchi walikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa ratiba ya maji sasa inaandikwa na binadamu.

Msitu wenye wenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja iliomba kugeuza sehemu ya delta ya Rufiji kuwa mabwawa ya kufugia kamba, katika eneo la takriban hekta 10,000. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi ukataliwe. Serikali ikauidhinisha. Wanakijiji, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira, walikwenda Mahakama Kuu, na mradi haukujengwa. Watu wale wale wanaoandikwa kama waharibifu wa mikoko ndio walioiokoa na uharibifu mkubwa kuliko wote uliowahi kupangwa katika delta. Walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wanakula humo. Wakulima wa mpunga wa delta wamewahi pia kuamriwa waondoke kwa jina la uhifadhi, na amri za aina hiyo zimeacha uhasama kuliko miti.

Uzoefu wa pwani ya kusini ya Kenya unafundisha kwa upande wa pili. Gazi, pale pale msitu ulipofyekwa kwa kuni, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, James Kairo akiwa miongoni mwao, walianza kupanda upya na wanakijiji tangu mwaka 1991. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja, mradi wa hekta 117 unaouza kwenye soko la hiari takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Fedha huamuliwa na wanakijiji wenyewe kwenye mikutano, zikaingia kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na vifaa vya zahanati. Mivinje ilipandwa pembeni ili mtu anayehitaji kuni na nguzo awe na pa kuzipata. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 mfano huo ukachukuliwa Vanga, Jimbo na Kiwegu, mpakani kabisa na Tanzania, safari hii kwa hekta 460. Kinachonivutia ni kwamba marufuku ilikuwepo Gazi tangu zamani na msitu ulikuwa unapungua. Ulianza kupona ulipopata wenyewe wanaofaidika nao ukiwa hai.

Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji na serikali kuusimamia msitu wa hifadhi kwa pamoja. Kikwazo kimekuwa mgawo: kijiji kipate kiasi gani cha faini, ushuru na mapato. Kamati ikifanya doria usiku kwenye tope kwa kujitolea miaka nenda miaka rudi, itachoka. Na ikichoka, mwenye pesa ya tanuri atakuta njia wazi.

Tahadhari moja juu ya upandaji. Siku hizi hakuna sherehe ya mazingira pwani isiyo na upandaji wa mikoko, na wageni rasmi hupigwa picha wakiwa na buti za mpira. Mbegu ya mkoko ni ndefu, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka, basi inachomekwa kila mahali: kwenye mahali pa mlilana, kwenye mahali pa mchu, hata juu ya nyasi za bahari. Baada ya miezi michache imekufa, na nyasi zilizokuwa malisho ya samaki zimekanyagwa. Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, ilipanda kati ya hekta 1,000 na 1,200. Zilizofaulu ni kama 220 tu. Mara nyingi kazi inayotakiwa ni kufungua njia ya maji iliyozibwa, kupanua kalavati au kubomoa kingo za bwawa la chumvi lililotelekezwa. Maji yakirudi kwa saa zake, mbegu huja zenyewe.

Ukiwa unajenga na ukauziwa boriti, uliza kibali chake kabla ya kulipa. Diwani wa kata ya pwani, kabla hujapitisha ramani ya bwawa la chumvi au barabara, mwite mvuvi anayejua bamvua linafika wapi. Na kwa mamlaka za maji na umeme ombi langu ni moja: tangazeni kila mwezi, kwa Kiswahili na kwenye ofisi za vijiji vya delta, kiasi cha maji kinachoachiwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere na kiasi kilichopangwa kwa mwezi unaofuata, pimeni udongo unaofika baharini, na kaeni na wakulima na wavuvi wa Kibiti kukubaliana juu ya mafuriko ya masika kabla msimu ujao wa mpunga haujaanza.